Shahada ya Pili ya Daktari wa Bujumbura

Mwanafunzi wa udaktari Bujumbura hamalizi kwa mtihani tu. Huandika tasnifu, akaitetea mbele ya jopo la walimu huku wazazi na jamaa wamejaa viti vya nyuma, ndipo akaitwa dokta. Utaratibu huo ni urithi wa Wabelgiji: kijana huingia kitivo cha tiba moja kwa moja kutoka sekondari, akatoka na shahada moja yenye jina la udaktari. Madaktari waliosomea shahada mbili kwa mpigo ni nadra sana Burundi. Ya pili hufuata baadaye, na mara nyingi ndiyo inayoamua daktari atafanya kazi gani, na katika nchi ipi.

Enzi za ukoloni hata hiyo ya kwanza ilikuwa ndoto. Groupe Scolaire d'Astrida, shule ya mabruda wa Kikatoliki iliyoanza kufundisha mwaka 1932 mahali panapoitwa leo Huye, Rwanda, iliwaandaa vijana wa Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za wakati huo, kuwa wasaidizi wa madaktari, si madaktari. Bendera ya uhuru ilipopanda Julai 1, 1962, madaktari Warundi walikuwa wa kuhesabika.

Uchache huo uliwafanya waitwe kila mahali. Januari 15, 1965, Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe alipigwa risasi akitoka hospitali, alikokwenda kumtazama mkewe aliyejifungua. Aliyekaimu nafasi yake kwa siku chache, hadi Joseph Bamina alipoingia, alikuwa daktari: Pie Masumbuko. Siasa nayo ilikuwa imemwita.

Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianza mwaka 1964. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilianza kuwagharamia vijana wasomee udaktari na uzamivu wa sayansi kwa pamoja, ili wawe watafiti. Burundi haikuwa na nafasi ya anasa hiyo. Ilitafuta wa kuzalisha akina mama na kushona majeraha. Kisha mauaji ya 1972 yakafyeka wasomi na wanafunzi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vikatawanya waliobaki. Aliyetaka ubingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto alikwenda kuutafuta ng'ambo, na si wote waliorudi.

Deogratias Niyizonkiza alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari vita vilipomkuta. Alikimbilia New York, akalala Central Park, baadaye akasoma Columbia, kisha afya ya jamii Harvard. Huko alifahamiana na Paul Farmer, daktari mwenye uzamivu wa anthropolojia. Aliporudi, alishirikiana na wanakijiji wa Kigutu, kusini mwa nchi, kujenga zahanati iliyofunguliwa mwaka 2007. Elimu yake ya pili ilimfundisha kuuliza kwa nini mgonjwa anachelewa kufika, kabla ya kuuliza anaumwa nini.

Swali hilo lilikuwa limeshaikabili serikali. Mei 2006 matibabu ya watoto chini ya miaka 5 na huduma za uzazi zilitangazwa kuwa bure. Wodi zikafurika, dawa zikaisha haraka. Ilibidi awepo mtu wa kupanga bajeti, chanjo na wauguzi. Hapo shahada ya afya ya jamii ikapanda thamani. Njia yake inajulikana: daktari kijana hupangiwa hospitali ya mkoani, akateuliwa kuongoza wilaya ya afya, akaenda kusoma nje ya nchi, Antwerp, Kinshasa au Ouidah, akarudi wizarani au kwenye shirika la kimataifa lenye mshahara mnono. Nchi inapata mpangaji, wodi inapoteza tabibu.

Kwa hiyo hatua yenye uzito zaidi ni ya kufundisha mabingwa hapahapa nyumbani, kama inavyofanyika sasa katika hospitali ya chuo kikuu, Kamenge. Daktari anayesomea upasuaji Kamenge huwahudumia wagonjwa wa Burundi tangu siku ya kwanza ya masomo yake, hata kama atakuja kuhama baadaye.