Herufi isiyo na harufu: TB sugu na panya wa Morogoro

Ukifika SUA, chini ya Milima ya Uluguru, usishangae kusikia kuna panya wenye ajira. Tangu 2000 shirika la APOPO linafundisha panya buku pale Morogoro, kwanza kunusa mabomu ya ardhini, baadaye makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Lakini kuna swali hawezi kulijibu: je, bakteria hawa wanasikia dawa, au ni sugu? Tofauti hiyo mara nyingi ni herufi moja tu ya DNA, na herufi haina harufu.

Turudi nyuma. Mwaka 1947 Waingereza walianza kujaribu streptomaisini: wagonjwa 55 walipewa dawa, 52 wakapumzishwa tu kitandani. Miezi 6 ya kwanza ilikuwa ya matumaini makubwa. Kisha dawa ikaanza kugonga mwamba, na baada ya miaka 5 zaidi ya nusu ya waliotibiwa walikuwa wamekufa, si mbali sana na wale wa kitandani.

Mtaani tunasema bakteria "wamezoea dawa". Hawazoei. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walichukua kitambaa cha mahameli, wakakigandamiza kwenye sahani ya bakteria, kisha kwenye sahani yenye dawa. Waliporudi kuchunguza sahani ya kwanza, ambayo haijawahi kuona dawa, wakakuta sugu wamo tayari, pale pale kitambaa kilipoonyesha. Yaani kosa la kunakili DNA hutokea kwanza, kwa bahati tu. Dawa inakuja baadaye kuwafyeka wenzao na kuwaachia shamba.

Bakteria wengine huazimana jeni za usugu, lakini huyu wa TB hutegemea makosa yake mwenyewe. Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi. Kovu la pafu lililogeuka shimo linaweza kubeba bakteria milioni 100. Kama mmoja katika kila milioni ni sugu kwa isoniazidi, hapo wapo kama 100 wanaosubiri. Kwa rifampisini ni kama mmoja katika milioni 100. Ila wa kuzishinda zote mbili kwa mpigo? Mmoja katika trilioni 100, na hakuna pafu lenye umati huo. Ndiyo maana mgonjwa anabebeshwa vidonge vingi. Wala si ukatili wa daktari.

Tanzania ilikuwa darasa la dunia kwenye jambo hili. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, ukisaidiwa na Karel Styblo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaleta tiba ya miezi 8. Miezi 2 ya mwanzo mgonjwa alilazwa, akachomwa sindano na kumeza rifampisini mbele ya muuguzi. Miezi 6 iliyobaki alipewa isoniazidi na thiasetazoni nyumbani. Rifampisini haikutoka wodini ovyo, kwa sababu ilikuwa ghali na kwa sababu ikimezwa peke yake, tena kwa kurukaruka, inazaa sugu. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa gharama yake aliilipa mgonjwa: kwa mtu wa Mgeta au Kinole, miezi 2 mjini ni msimu mzima wa shamba.

Sugu walikuja hata hivyo. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kutibu TB isiyosikia isoniazidi wala rifampisini, na kwa miaka kadhaa wagonjwa wa nchi nzima walipelekwa huko. Tiba ilichukua karibu miezi 20, na sindano zake ziliwaondolea baadhi yao uwezo wa kusikia.

Kosa lenyewe ni dogo kiasi gani? Katika jeni iitwayo rpoB, TCG ikiandikwa TTG, protini inapata lusini badala ya serini, na rifampisini haipati tena pa kushika. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO 2010, inasoma kipande hicho cha jeni kwa saa 2 hivi. Kwa hiyo panya akikwaruza juu ya sampuli pale Morogoro, maabara inathibitisha kwanza kama ni TB kweli, halafu mashine ndiyo inayosema ni vidonge gani aanzishiwe mgonjwa.