Picha Isiyo na Jina

Hapa Nambis, wilaya ya Mbulu, habari za Irqwar Da'aw, nchi ya asili ya Wairaqw, zilihifadhiwa vinywani mwa wazee. Picha nazo zataka mtunzaji. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaitunza kazi ya babaye. Ndiyo maana nyuso za zamani zaonekana hata leo. Nasi tufanye vivyo hivyo majumbani. Tusizitundike picha penye moshi wala jua. Tuziweke katika bahasha kavu, kwa ukoo na kwa mwaka. Tumwulize bibi majina angali hai, tuyaandike nyuma kwa penseli laini. Akiisha kufa, uso utabaki, bali mwenyewe atakuwa mgeni nyumbani kwake.