Gari Linapokosa Pumzi: Jinsi ya Kujua Kama Konveta Imekufa

Wasomaji wangu, safari hii naandika habari ya bomba la moshi, kwa sababu ujinga wangu nusura uwachomee watu malisho.

Nilitoka Mombasa kwenda Kisaju kumjulia hali shemeji yangu. Taa ya injini ilianza kumetameta tangu Mtito Andei. Nikasema, inshallah tutafika. Tulipoipita Kitengela, gari likagoma: nakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauzidi 40. Nikaegesha kando ya barabara ya Namanga, juu ya nyasi kavu. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga ng'ombe akanijia mbio. "Ondoa gari hapo, utatuchomea nyasi!" Nilipoinama, nikaona bomba chini ya gari limeiva jekundu kama kaa. Nikalisogeza hadi penye changarawe, nikazima injini.

Kilichoiva pale ni katalitiki konveta, ambayo mafundi wengi huiita konveta tu. Ni kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi, karibu na injini. Ndani mna kauri yenye vitundu vingi kama masega ya nyuki, iliyopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo kukiwa na joto la kutosha, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua hugeuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi, na oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida.

Dalili zake

Ikiziba, gari hukosa nguvu, hasa mwendo ukizidi au mlimani, hula mafuta, na mwisho hukataa hata kuwaka. Masega yakivunjika, utasikia mchakacho chini ya gari. Harufu ya mayai viza nayo ni dalili. Taa ya injini ikiwaka bila kumetameta, una nafasi ya kufika kwa fundi. Ikimetameta, maana yake kuna silinda isiyochoma mafuta sawasawa, na konveta inaungua wakati huo huo. Punguza mwendo, usimame. Mimi sikusimama.

Vipimo kabla ya kutoa pesa

Kwanza, gari lisomwe kwa kompyuta. Kodi P0420 yasema konveta haifanyi kazi ipasavyo, lakini hiyo si hukumu. Ikiwa pamoja nayo kuna kodi za P0300 hadi P0308, ambazo ni za silinda kukosa kuchoma, anza na hizo: plagi, koili, nozeli.

Pili, tafuta bomba linalovuja. Tundu dogo kabla ya sensa ya nyuma huingiza hewa na kuidanganya kompyuta.

Tatu, mwambie fundi akuonyeshe sensa mbili za oksijeni injini ikiwa imepata moto. Kwa sensa za kawaida, ya mbele hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma yatakiwa itulie, kwa kawaida kwenye volti 0.6 au zaidi kidogo. Ikiwa ya nyuma inaiga ya mbele, konveta imechoka. Magari mengi ya kisasa yana sensa ya mbele ya aina nyingine, yenye namba tofauti, kwa hivyo fundi ajue gari lako lina ipi.

Nne, pima kuziba. Injini ikiwa baridi, fungua sensa ya mbele, funga geji ya shinikizo mahali pake, kisha washa. Gari likiwa limetulia, shinikizo lisizidi pauni 1.5 kwa inchi mraba. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, lisizidi pauni 3 hivi. Likizidi sana, moshi hauna pa kupita.

Kukata au kubadilisha?

Fundi wa kwanza niliyempata aliniambia, "Mzee, tuikate tutie bomba tupu. Hiyo ya zamani nitainunua mimi." Bila shaka angeinunua: madini yake yana soko. Hoja ya kuing'oa ilikuwa na maana zamani, petroli yetu ilipokuwa na risasi, maana risasi huiua konveta. Lakini risasi iliondolewa tangu mwanzo wa 2006. Leo ukiikata, sumu yote wavuta watoto wa mtaani kwako, na dini yetu imetukataza kudhuru wengine.

Fundi wa pili alipima. Koili ya silinda ya tatu ilikuwa imekufa, petroli mbichi ikawa inamwagika kwenye konveta na kuungulia humo hadi kauri ikayeyuka. Laiti ningetia konveta mpya bila kubadilisha koili, nayo ingeyeyuka vivyo hivyo. Injini inayokula oili, au inayovujisha maji ya rejeta ndani ya silinda, pia huiua konveta mpya. Sababu itibiwe kwanza.

Kauri iliyoyeyuka hairekebishiki. Dawa za kumimina tangini hazifufui kitu hapo. Ukinunua mpya, iwe ya kulingana na ukubwa wa injini yako. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ndani uone masega mazima, tikisa usikie kama yanachakacha, na ulizia imetoka gari gani. Ile mbovu ni mali yako; ukiuza, uza kwa kujua thamani yake.

Nililipa koili na konveta pamoja, nikakaa Kisaju siku mbili zaidi ya nilivyopanga. Kabla ya kurudi nilimtafuta yule mzee nikamshukuru. Naye akaniuliza kama sasa najua pa kuegesha.