Jaribio la Udereva kwa Vitendo: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Mtumba na Jiji la Dodoma

Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa katika eneo la Mtumba mwezi Aprili 2019, watumishi wa umma na wananchi wanaofuata huduma za wizara wamekuwa wakisafiri kila siku kati ya eneo hilo na katikati ya Jiji la Dodoma, umbali unaokaribia kilomita 17. Safari hiyo hupita katika barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, ambayo pia hutumiwa na mabasi ya mikoani na malori yabebayo shehena kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda bara na nchi jirani. Mwananchi anayetaka kuendesha gari katika mazingira hayo anapaswa kwanza kuthibitisha uwezo wake mbele ya mkaguzi, kwa njia ya jaribio la vitendo.

Msingi wa kisheria

Masuala ya udereva nchini husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Jeshi la Polisi, kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani, ndilo linalowapima waombaji, ilhali leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa sababu hiyo, malipo yaliyofanyika TRA hayachukui nafasi ya jaribio, na cheti cha shule ya udereva peke yake si ruhusa ya kuendesha.

Mwombaji wa leseni ya gari anapaswa kuwa na umri usiopungua miaka 18. Kabla ya kuanza mafunzo barabarani hupatiwa leseni ya kujifunzia, ambayo hudumu kwa miezi 3. Katika kipindi hicho haruhusiwi kuendesha peke yake. Huongozana na mwalimu au msimamizi mwenye leseni halali, na gari huwekwa alama ya "L" inayoonekana mbele na nyuma. Ni busara kupanga mafunzo na siku ya jaribio mapema, ili muda wa leseni hiyo usiishe kabla mwombaji hajapimwa.

Daraja linaloombwa

Leseni hutolewa kwa madaraja. Madaraja ya A ni ya pikipiki na vyombo vya aina hiyo. B na D ni ya magari ambayo si ya abiria wala si mazito. C na matawi yake ni ya magari ya abiria. Na E ni ya magari mazito. Mwombaji hupimwa kwa chombo cha daraja analoliomba. Aliyefaulu kwa gari dogo hana ruhusa ya kubeba abiria kibiashara wala kuendesha lori, hata kama anaamini kuwa anaweza.

Ukaguzi wa gari kabla ya kuondoka

Dereva huanza kuonesha umakini wake kabla hajawasha injini. Mwombaji ajizoeze kukagua upepo na hali ya tairi, maji ya rejeta, oili, breki, taa zote, honi, wipa na vioo. Ahakikishe pia kuwa vibao vya pembetatu vya tahadhari vimo ndani ya gari. Akishaketi, arekebishe kiti na vioo, afunge mkanda, na ahakikishe gia iko huru na breki ya mkono imevutwa.

Stadi za kujizoeza

Mwombaji anapaswa kuwa na uwezo wa kufanya yafuatayo bila kuelekezwa:

- Kuondoa gari taratibu baada ya kuangalia vioo na kutoa ishara;
- Kubadili gia bila kuondoa macho barabarani;
- Kuondoka katika mlima bila gari kurudi nyuma;
- Kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka na kuegesha katika nafasi finyu;
- Kuingia katika mzunguko kwa kuyapisha magari yanayotoka kulia;
- Kusimama kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu pale mtu anapovuka;
- Kutii alama za barabarani, na kufahamu kuwa ishara ya askari hutangulia taa za kuongozea magari.

Kosa linalopaswa kuepukwa zaidi ni mwendo usiolingana na mazingira. Sheria inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa mwendo huo gari husogea takribani mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80 husogea takribani mita 22. Dereva anayechelewa sekunde moja tu kukanyaga breki huwa ameshaupita umbali huo kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Katika eneo lenye wanafunzi, bodaboda na mifugo inayovuka barabara, kama ilivyo pembezoni mwa Dodoma, tofauti hiyo ya mita 8 yaweza kuokoa au kugharimu uhai.

Aidha, mwombaji ajizoeze kukaa nyuma ya lori kwa subira. Kulipita gari jingine penye mstari usiokatika, kwenye kona au kilele cha mlima ni hatari, hata kama barabara inaonekana kuwa tupu. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za pembeni huzuia kuona mbali. Wakati wa masika, mvua ya kwanza hufanya lami iteleze.

Siku ya jaribio na baada yake

Mwombaji afike mapema akiwa amelala vya kutosha, akiwa na kitambulisho na leseni yake ya kujifunzia. Asiyesikia vizuri agizo la mkaguzi aombe lirudiwe, kwani kukisia ni hatari zaidi kuliko kuuliza. Anayevaa miwani ya kuonea mbali aivae.

Anayefaulu hupewa cheti cha umahiri, kisha huendelea na taratibu za TRA, zikiwemo namba ya mlipakodi (TIN), malipo, alama za vidole, picha na saini. Kufuatia mabadiliko ya mwaka 2019, leseni hudumu kwa miaka 5 badala ya 3. Asiyefaulu hurudi kwenye mazoezi katika stadi alizokosea, kisha huomba kupimwa tena.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kununua matokeo ya jaribio ni rushwa, kwa anayetoa na anayepokea. Anayeombwa fedha nje ya malipo halali atoe taarifa TAKUKURU kupitia namba 113, ambayo hupigwa bila malipo. Leseni iliyopatikana bila kupimwa haimwongezei mtu ujuzi; humwingiza barabarani dereva asiyejua, na madhara yake humfikia hata mpita njia.