Jina la Mzizi: Nywele na Mvi katika Uganga wa Kichina

Miongoni mwa dawa za Wachina uko mzizi uitwao heshouwu. Jina hili lina silabi tatu, na kila silabi ina maana yake: He ni jina la ukoo, shou ni kichwa, na wu ni weusi. Basi atajaye mzizi huu hutaja papo hapo mtu wa ukoo wa He na kichwa cheusi, yaani kichwa kisichokuwa na mvi. Ni nadra jina la dawa kuwa pia ushahidi wa kwamba dawa hiyo yafaa. Na kwa sababu hiyo historia yake yastahili kuchunguzwa.

Imani iliyolizaa jina hilo ni ya kale kuliko jina lenyewe. Kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, ambacho aghalabu husemwa kuwa kilikusanywa katika karne mbili za mwisho kabla ya Kristo, hueleza umri wa binadamu kwa kutazama meno na nywele. Mwanamke huhesabiwa kwa miaka saba saba: afikapo 7 meno hubadilika na nywele hukua, afikapo 28 nywele hufikia ukomo wa kukua kwake, afikapo 35 huanza kupukutika, na afikapo 42 mvi huanza kutoka. Mwanamume huhesabiwa kwa miaka minane minane: nywele zake hupukutika afikapo 40, na mvi humtoka pande za kichwa afikapo 48. Kitabu hicho huzihesabu nywele kuwa ua la figo. Na kama vile mkulima aonavyo hali ya mti kwa kutazama ua lake, ndivyo mganga alivyopaswa kuona hali ya figo kwa kutazama nywele.

Hapa mfasiri hana budi kuwa na hadhari. Neno shen, ambalo hufasiriwa “figo”, katika vitabu hivyo halina maana ya kile kiungo cha nyama tu. Ni hazina ya nguvu za uzazi, za kukua na za kuzeeka. Kadhalika neno gan, “ini”, ni ghala ya damu zaidi ya kuwa kiungo. Asiyeitambua tofauti hii atasoma maneno anayoyajua na kupata maana isiyokuwamo.

Mwaka 610 Chao Yuanfang, tabibu wa jumba la mfalme, alikamilisha kitabu kikubwa cha asili za maradhi. Yeye aliongeza habari ya damu: damu ikiwa tele, nywele hustawi, ikipungua, nywele hukosa lishe zikapukutika. Upara wa mabaka, ulio mviringo kama sarafu na usiowasha, aliuandika kwa jina la watu wa kawaida, yaani kichwa kilichorambwa na zimwi. Lakini sababu aliyoitoa ni upepo mbaya uingiao mahali palipo dhaifu. Kitabu chake hakikutoa dawa za kunywa, bali mazoezi ya mwili na desturi za afya, na mojawapo ilikuwa kuchana nywele mara elfu ili mvi zisitoke.

Ndipo ukaja ule mzizi. Mwanachuoni Li Ao wa enzi ya Tang, aliyeishi hata karne ya 9, aliandika habari za He Tian'er, mtu dhaifu tangu kuzaliwa, asiye na mke wala mtoto, na mpenda pombe. Usiku mmoja, akiwa na umri wa miaka 58, alilala mlimani amelewa, akaona mimea miwili itambaayo ikikumbatiana, ikiachana, kisha ikikumbatiana tena. Akachimba mizizi, akaisaga, akainywa. Nguvu zikamrudia, nywele zikawa nyeusi, akazaa. Mwanawe aliitwa Yanxiu, na mjukuu wake Shouwu, ambaye husimuliwa kuwa aliishi miaka 130 na nywele zake zingali nyeusi. Hapo kwanza mmea huo uliitwa jiaoteng, yaani mtambaa ukumbatianao. Jina la kwanza lilieleza umbo la mmea. Jina la pili likaeleza ahadi yake.

Ahadi hiyo ilienea. Kitabu cha dawa cha wafalme wa Song, kilichotoka miaka ya 973 na 974, kiliuingiza mzizi huo. Li Shizhen, ambaye kitabu chake Bencao Gangmu kilichapishwa mwaka 1596, asimulia kwamba mfalme Jiajing alipewa vidonge vya “hazina saba za kupamba ndevu”, vyenye mzizi huo, akapata watoto mfululizo, na tangu hapo dawa ikatumika nchi nzima. Waganga walijua kwamba mzizi mbichi huharisha. Kwa hiyo waliupika kwa maji ya maharagwe meusi, hata ukageuka rangi ukawa mweusi nao.

Katika zama hizi imedhihirika jambo ambalo jina halikulitaja. Mwaka 2006 wakuu wa dawa wa Uingereza walitoa onyo kwamba mzizi huu umeonekana kuhusiana na maradhi ya ini. Mwaka 2014 serikali ya Uchina yenyewe iliweka masharti juu ya kipimo chake katika vyakula vya afya. Na mwaka 2019 uchunguzi ulionyesha kwamba watu wenye urithi fulani wa damu wamo hatarini zaidi. Vitabu husema kwamba mzizi uliopikwa hulisha gan na shen. Hospitali zimeona ini lenyewe likidhurika. Kauli hizi mbili hutumia neno moja kwa vitu viwili, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo hudhani kwamba anywacho ni kinga ya ini lake.

Mafundisho ya kale yalimtaka mganga azitazame nywele kama dalili, kisha atafute chanzo ndani ya mwili. Jina heshouwu lilifupisha safari hiyo: likaruka kutoka mzizi hata nywele nyeusi, likaacha yote yaliyo kati. Mnunuzi wa leo hununua mzizi pamoja na hadithi ya ukoo mmoja. Na kazi ya mwenye kufasiri vitabu hivi ni kumtenganishia hadithi na dawa kabla hajanywa.