Meli za Warusi Bizerte

Novemba 1920 vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Urusi vilikuwa vimekwisha kwa upande wa kusini. Jeshi la Weupe, waliopigana na Wabolsheviki, lilikuwa limesukumwa hadi rasi ya Crimea, bahari nyuma yake na Wekundu, yaani jeshi la Wabolsheviki, mbele. Jenerali Pyotr Wrangel, kamanda wao wa mwisho, akaamuru kila chombo kinachoelea kipakie watu. Vyombo 126 viliondoka na watu wapatao 150,000: askari, mapadri, makarani, wake za maofisa na watoto wao. Vilielekea Istanbul.

Wengi walishuka huko wakatawanyika Serbia, Bulgaria, Prague, Berlin na Paris, na habari zao zimeandikwa mno, hasa za wale wakubwa walioishia kuendesha teksi mjini Paris. Zisizosimuliwa sana ni habari za mabaharia. Hao walikuwa na mzigo ambao mkimbizi wa kawaida hana: manowari. Ufaransa ndiyo iliyokubali kuzipokea, ikazipeleka Afrika, katika bandari ya Bizerte kaskazini mwa Tunisia, ambayo wakati huo ilikuwa chini yake.

Kati ya Desemba 1920 na miezi ya mwanzo ya 1921 zilitia nanga humo meli zipatazo 33, zikiwa na watu takribani 6,000. Kubwa kuliko zote ilikuwa General Alekseyev, yenye mizinga mizito ya inchi 12. Hapakuwa na ruhusa ya kushuka. Kwanza karantini, chini ya ulinzi wa Wafaransa. Baadaye manowari kuukuu iliyoitwa Georgii Pobedonosets ikageuzwa nyumba za familia. Kuta za mbao zikagawa sitaha kuwa vyumba, watoto wakasomeshwa humo humo, na chakula kikapikwa juu ya chuma kile kile kilichojengwa kwa ajili ya vita. Chuo cha wanamaji wadogo kilipewa ngome ya Djebel Kebir, juu ya mlima, kikaendelea kufundisha hadi 1925. Katika nyambizi Utka, nahodha wake Nestor Monastyrev alichapa jarida zima la mambo ya bahari. Watu hawa hawakuwa na nchi wala mshahara wa maana, lakini walikuwa na jarida!

Mambo yalivunjika kwa saini ya Paris. Tarehe 28 Oktoba 1924 Ufaransa iliitambua serikali ya Kisovieti. Kesho yake bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu wa Mtakatifu Andrea ikateremshwa katika meli zote. Mwisho wa mwaka ukaja ujumbe kutoka Moscow kuzikagua meli. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Evgeny Behrens. Admirali aliyekuwa akiongoza meli zilizokaguliwa alikuwa Mikhail Behrens, ndugu yake wa damu. Inasimuliwa kwamba Mikhail aliondoka Bizerte siku hizo ili wasionane. Meli hazikurudi Urusi. Ufaransa ilidai kwanza madeni ya enzi ya mfalme yalipwe, mazungumzo yakakwama, na katika miaka ya 1930 zikauzwa kama chuma chakavu.

Watu hawakuuzwa, lakini makaratasi yao yalikuwa magumu vilevile. Amri ya Kisovieti ya Desemba 1921 iliwavua uraia wakimbizi wa namna hii. Mwaka uliofuata Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyesimamia wakimbizi kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, alianzisha hati ya kusafiria iliyoitwa kwa jina lake. Iliwaruhusu wasio na nchi kuvuka mipaka, lakini haikuwapa nchi. Anastasia Shirinskaya, binti wa nahodha wa meli Zharky, aliletwa Bizerte akiwa na miaka 8, akafundisha hesabu vizazi kwa vizazi vya watoto wa mji huo, mmoja wao Bertrand Delanoë, aliyekuja kuwa meya wa Paris. Hakuomba uraia wa Ufaransa wala wa Tunisia. Alipata uraia wa Urusi 1997, na alifariki mwaka 2009, hapo hapo Bizerte.

Mjukuu anayetafuta ukoo wa watu hawa leo atakutana na vikwazo ambavyo si siri za Kirusi bali ni kazi ya makarani. Kwanza jina: Mfaransa aliandika alivyosikia, mwisho wa jina ukawa -off, na jina la baba, ambalo Mrusi hulibeba katikati, mara nyingi likaachwa. Halafu tarehe. Urusi ilifuata kalenda ya kale hadi 1918. Aliyezaliwa 1 Januari 1890 katika kitabu cha kanisa alizaliwa 13 Januari kwa kalenda yetu. Wa 1 Januari 1905 alizaliwa tarehe 14, maana tofauti iliongezeka siku moja mwaka 1900. Karani mmoja aligeuza, mwingine akanakili tu, na mtu mmoja akawa na siku mbili za kuzaliwa.

Na kumbukumbu zenyewe zilihama kama wenyewe. Hazina kubwa ya nyaraka za wakimbizi iliyokusanywa Prague ilichukuliwa Moscow baada ya Vita Kuu ya Pili, nayo sasa imo katika hifadhi ya taifa ya huko. Mafaili ya wakimbizi walioishi Ufaransa yako kwenye ofisi ya wakimbizi ya nchi hiyo. Mengine yako Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na katika jumba la makumbusho la Warusi San Francisco.

Kwa ukoo wa Bizerte, hata hivyo, nisingeanzia huko. Ningeanzia katika kanisa dogo la Alexander Nevsky, lililojengwa na mabaharia wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1930. Ukutani mna bamba la marumaru lenye majina ya meli zao. Ukiwa na babu wa namna hii, waulize wazee wa nyumbani alikuja na meli gani kabla hujaandika barua Moscow. Jina la meli ni mwanzo mzuri wa kutafuta nyaraka za wanamaji.