Hela Haivuki Mto: Historia Fupi ya Kutuma Pesa Kati ya Mtwara na Palma

Kila mwisho wa mwezi swali letu ni lilelile: wiki hii nani anatuma kwa bei nafuu? Aliyeko Mtwara anataka mama yake Pemba apate ya mchele. Aliyeko Dar anamlipia mdogo wake shule Nampula. Aliyerudi Palma naye anadaiwa nauli na mtu wa Lindi. Tunatajiana mawakala, tunalinganisha viwango, halafu mmoja anasema "huyo alinipiga", basi tunaanza upya.

Safari hii tumeona turudi nyuma kidogo, maana swali hili tumelirithi. Bibi zetu waliliuliza, na babu zao pia, ila wao walikuwa wanaulizana habari za rupia na escudo. Na tukiangalia vizuri tunaona jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui, hata wenzetu wa mashirika wanaotufundisha "elimu ya fedha". Kwenye mto Ruvuma hela yenyewe huwa haivuki. Kinachovuka ni deni, au samaki, au neno la mtu. Bei ya kutuma inapanda na kushuka kwa kufuata hivyo.

Tuanze na wafanyabiashara wa Kihindi. Karne ya 19 walikuwa Ibo, Kisiwa cha Msumbiji, Kilwa na Unguja, na majahazi yalikuwa yakipita baina ya bandari hizo kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Kusafiri na mfuko wa riale za fedha baharini ilikuwa hatari: jahazi linazama, au mtu anakuibia. Kwa hiyo walitumia hundi. Unampa mfanyabiashara hela zako Ibo, anakuandikia karatasi, unaipeleka kwa mwenzake Unguja, unalipwa. Waarabu na Waswahili waliijua njia hiyo kwa jina la hawala. Ndani ya jahazi hakuna hela. Kuna pembe, ufuta, gundi na nguo, na mwisho wa msimu wale wawili wanakaa kupiga hesabu: mimi nakudai hiki, wewe unanidai kile, tofauti ni hii hapa. Hiyo tofauti ndiyo inayolipwa.

Shikeni hapo kwenye neno "tofauti". Tutarudi.

Baadaye wakaja wenye kuchora mipaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma ndio mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua Kionga, ambayo iko upande wa kusini wa mdomo wa mto. Basi watu wa Kionga wakaingia kwenye rupia na heller za Kijerumani, huku ndugu zao wa Palma, mwendo wa kutembea, wako kwa Mreno. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, mwaka 1916 Wareno wakaichukua Kionga, na mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukawaachia rasmi. (Kwa muda mfupi kijiji kile kilikuwa na stempu zake za posta! Wanaokusanya stempu duniani wanakijua Kionga, wakati wafanyakazi wengi wa mashirika wanaopita hapo hawajui jina linasomwaje.) Mtu aliyezaliwa Kionga mwaka 1900 akifika miaka 30 alikuwa ameshashika sarafu za serikali mbili bila kuhama nyumba, na akivuka mto kwenda kuuza nazi anakuta ya tatu, shilingi ya Afrika Mashariki ya Mwingereza.

Hapo ndipo mto ulipogeuka kuwa duka la kubadilisha fedha.

Upande wetu wakati ule serikali ilikuwa kampuni. Companhia do Nyassa ilipewa Cabo Delgado na Niassa mwaka 1891 ikazishika mpaka 1929, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoza kodi ya nyumba na kukusanya watu wa kazi za kulazimishwa. Wengi walikimbia kwa kuvuka mto. Baada ya kampuni kuondoka mambo hayakulegea sana, ikaja pamba ya lazima. Vijana wa Kimakonde walikwenda Tanganyika kwa maelfu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, Lindi, Mtwara mpaka Tanga. Kule mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mkubwa kuliko wa kwa Mreno.

Sasa huyo kijana wa mkonge anatumaje hela kwa mama yake Mueda? Posta ilihitaji mtu ajue kusoma na awe na ofisi ya karibu, na kwa Mreno ilihitaji pia uwe na karatasi zinazosema umetokaje. Aliyetoroka kodi hawezi kwenda kusimama dirishani kwa yule aliyemtoroka. Kwa hiyo hela ilikwenda na mtu. Mwenzako akimaliza mkataba anarudi nyumbani na vitenge, chumvi, labda baiskeli, na shilingi za watu wengine zimefungwa kwenye nguo. Ada ilikuwa hakuna, au kipande cha kitambaa. Bei halisi ilikuwa ni kusubiri miezi, na hatari kwamba mtu huyo asifike.

Ili wajue nani ni wa kuaminika, waliunda vyama vya kusaidiana kwa watu wa nyumbani: kuzikana, kuchangiana nauli, kupeleka habari. Hatusemi haya kwa kupamba. Vyama hivyo vya Wamakonde wa Tanganyika na Kenya ndivyo vilivyozaa MANU, na MANU ni moja ya vyama vitatu vilivyoungana Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kuwa FRELIMO. Watu walioanza kwa kuaminiana hela za mazishi walifika mbali.

Katikati hapo kulitokea mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960. Vita ya ukombozi ilianza Septemba 1964, na wakimbizi wakavuka tena Ruvuma. Wengine waliwekwa Rutamba, Lindi. Wakati huo wa kutuma hela haukuwa mwingi, maana wa kupokea nao walikuwa msituni.

Uhuru ulikuja 1975. Metikali ikachukua nafasi ya escudo tarehe 16 Juni 1980, siku iliyochaguliwa kwa kukumbuka Mueda. Ila miaka ya 80 ilikuwa ya taabu pande zote mbili. Kule Msumbiji kiwango rasmi kilikuwa kama metikali 40 kwa dola, na mtaani dola hiyohiyo inapita 1,000. Tanzania nayo ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya uchochoroni, mpaka sheria ya fedha za kigeni ya 1992 ilipokubali maduka ya kubadilishia. Fikiria wewe ndiye unamtumia mama yako: ukipitia benki unapoteza karibu kila kitu kwenye kiwango, kabla hata ya ada. Kila mtu mwenye akili alipitia kwa mchuuzi. Serikali zilimwita mlanguzi. Familia zilimwita kwa jina lake, na zikajua kwake ni wapi.

Turudi kwenye "tofauti". Mchuuzi wa Mtwara alikuwa nafuu kwa sababu biashara ilikwenda pande mbili. Samaki wakavu na nazi zilipanda kaskazini, sabuni, sukari, unga na nguo zilishuka kusini. Ukimpa shilingi 100,000 Mtwara ili mama apewe metikali Palma, wala hasumbuki: mwenzake wa Palma tayari anadaiwa bei ya samaki. Wewe umemsaidia kulipa deni lake. Ndiyo maana alikupa kiwango kizuri. Hakuwa anakuhurumia.

Simu zilipokuja wengi tulidhani hadithi imekwisha. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikafika Tanzania 2008. Msumbiji ilianza mKesh mwaka 2011, M-Pesa ya Vodacom ikafuata 2013, halafu e-Mola ya Movitel. Lakini M-Pesa ya Mtwara na M-Pesa ya Palma ni jina moja tu na rangi moja nyekundu. Ni kampuni mbili, sarafu mbili, benki kuu mbili. Kwa hiyo wachuuzi walifanya kile walichokifanya siku zote, safari hii kwa simu: unamrushia shilingi na ya kutolea, mwenzake anamrushia mama metikali. Dakika tano. Hundi ya Ibo imevaa laini ya simu.

Halafu ikaja vita yetu. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Agosti 2020 mji ukachukuliwa na ukakaa mikononi mwao karibu mwaka mzima. Tarehe 24 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, na mawasiliano yakakatika. Hela iliyokuwa kwenye simu ilikuwepo na haikuwepo. Watu walishuka pwani ya Paquitequete kule Pemba kwa mashua, wana njaa, wana laini ya simu mfukoni na hakuna kitambulisho cha kumwonyesha wakala.

Na bei ikapanda. Hatukuelewa wakati ule, tulidhani wachuuzi wamekuwa na roho mbaya (wengine walikuwa nayo, tuseme ukweli). Lakini angalia biashara: samaki hawapandi tena, barabara imefungwa, maduka ya Palma yamechomwa. Hela zote zinataka kwenda upande mmoja, kutoka kwa waliopo nje kwenda kwa waliokimbia, na hakuna kinachorudi. Mchuuzi wa Mtwara sasa ana shilingi nyingi na hana deni la metikali la kufutia. Lazima azitafute kwa gharama, na gharama hiyo anakutupia wewe ndani ya kiwango. Tanzania nayo ikaweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021, ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba baada ya watu kulalamika sana. Mwaka huohuo Tanzania iliwarudisha maelfu ya watu wetu kupitia Negomano, UNHCR ikasema hadharani iache. Aliyerudishwa hakuacha nyuma mtu wa kumtumia, alikuwa yeye ndiye mtumaji.

Kuna gharama nyingine haimo kwenye jedwali lolote. Tangu vita ianze, kijana wa pwani anayepokea hela kutoka nje anaangaliwa vibaya. Wapiganaji nao wanatumia simu na mawakala, hilo linajulikana, kwa hiyo kila mmoja wetu ni mshukiwa kidogo. Tunao wenzetu waliozuiwa na kuhojiwa kwa sababu ya meseji ya metikali 3,000. Wasomali wanaijua habari hii zaidi yetu: Novemba 2001 Marekani iliifunga al-Barakaat, hawala kubwa kuliko zote kwao, na familia zilizokuwa zikila kwa hela hizo zikabaki zinashangaa. Msumbiji na Tanzania ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya kijivu ya FATF Oktoba 2022. Tanzania imetoka Juni 2025, Msumbiji Oktoba 2025. Katika miaka hiyo masharti ya karatasi yalizidi kukazwa, na sisi karatasi zetu ziliungua.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapigwa. Tuseme kiwango cha kweli cha siku ni shilingi 40 kwa metikali 1. Una shilingi 100,000, sawa na metikali 2,500. Wakala wa kwanza anakwambia "bure, hakuna makato", ila anakubadilishia kwa 46. Mama anapata 2,174. Wa pili anakata 4,000 waziwazi, halafu anabadilisha zile 96,000 kwa 41. Mama anapata 2,341. Yule wa bure amekula metikali 167 zaidi ya yule wa makato. Kwa hiyo usiulize makato ni shilingi ngapi. Uliza: nikikupa laki moja sasa hivi, mama anashika metikali ngapi mkononi, na akienda kutoa anabaki na ngapi? Akikwepa kujibu, ondoka.

Na uliza siku nzuri ni ipi. Samaki wa Palma wameanza kupanda tena kaskazini, na sisi tumeona kwamba msimu wa samaki ukiwa mzuri kiwango cha Mtwara nacho kinalegea. Mwenye kuweza kusubiri siku nne asubiri. Mwenye mgonjwa hawezi kusubiri, na hapo ndipo anapochunwa.

Kwa ninyi wenzetu wa mashirika: dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 kutuma hela kusizidi asilimia 3. Katika mfano wetu hapo juu, wakala nafuu amekula zaidi ya asilimia 6, na yule wa "bure" asilimia 13. Mnapokuja na semina ya kuweka akiba, njooni pia na mtu wa kutusaidia kupata vitambulisho vipya, kwa sababu bila hicho njia rasmi kwetu ni mlango uliofungwa na tunabaki na mchuuzi, mwaminifu au mwizi. Na mnapogawa hela Pemba, wengine wetu huzigawanya tena na kuzituma kwa waliobaki ng'ambo. Hiyo hela inayorudi kaskazini ndiyo inayompa mchuuzi cha kufutia deni.

Ya Mtwara na Palma tunayo. Mliopo Maratane, mnaotuma Bukavu na Uvira, tuandikieni mnapitia kwa nani, bila kutaja jina lake, na laki ya francs inafika ngapi.